Maji kwanza, mafuta baadaye

Mara ya kwanza kumwona mtu akimimina maji yanayochemka ndani ya bunduki, nilidhani mzee amechanganyikiwa. Nilikuwa darasa la nne, likizo ya Desemba, nimepelekwa kwa baba mkubwa aliyekuwa bwana nyama katika pori moja la akiba huku kwetu Kagera. Siku hiyo alirudi jioni, ametoka kufukuza nyati mashambani na amefyatua risasi mbili. Kabla hajala, kabla hajavua hata viatu, aliteleka birika. Maji yalipochemka akachomoa komeo la .303 yake, akaisimamisha mdomo chini juu ya ndoo, akaweka faneli ya bati upande wa nyuma na kumimina birika zima. Kisha akavuta tambara kwa kamba mara nne, mara tano, mpaka likatoka kavu. Ndipo akatia mafuta.

"Baba mkubwa, si itashika kutu?"

"Itashika kutu nisipoiogesha," akajibu. "Maji kwanza, mafuta baadaye."

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na sentensi ile imenirudia kila nilipofungua kitabu cha historia ya Karagwe. Maana bunduki zimejaa humo, ila wa kuziosha humwoni.

Tuanze na Bweranyange. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwenye ikulu ya Omukama Rumanyika, katika vilima ambavyo leo ni wilaya ya Karagwe. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862. Grant, mguu umeoza kwa kidonda, alibaki kwa Rumanyika hadi Aprili. Wote wawili waliandika vitabu, na wasomaji wa London wakapata humo maziwa, vilima, vifaru waliopigwa risasi na mfalme mpole aliyewakirimu wageni. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya Rumanyika: sanamu za ng'ombe na ndege za shaba, mikuki, na bunduki aliyozawadiwa na Speke.

Picha hiyo ya hazina inanivutia. Karagwe haikuwa nchi iliyoshangaa chuma. Vitu vya heshima vya ufalme wake vilikuwa nyundo, fuawe na ng'ombe wadogo wa chuma, na uhunzi wa mkoa huu una umri wa karibu miaka 2,000. Mhunzi wa hapa alijua chuma kinavyoliwa na unyevu, akajua pia jembe linavyotunzwa. Kipya kilichokuja na msafara ule kilikuwa baruti, na baruti ilikuja na uchafu wake.

Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa. Kwa kawaida sehemu 75, 10 na 15. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki kama masizi na chumvichumvi za potasiamu, ikitanda ndani ya mtutu na nyingine ikiruka kama ule moshi mzito mweupe. Piga mara chache bila kusafisha na risasi inayoshindiliwa kwa mdeki haitelemki tena. Iache usiku mmoja na chumvi zile zinavuta unyevu wa hewa kama chumvi ya mezani inavyolowana kwenye kopo wakati wa masika.

Dawa ya uchafu huo ni maji. Mafuta ya taa hayayeyushi chumvi, wala samli, wala mafuta ya ngozi. Maji ya moto yanafaa zaidi kwa sababu mbili: yanayeyusha haraka, na yanaupasha mtutu joto kiasi kwamba unyevu uliobaki unakauka wenyewe kabla kutu haijapata nafasi. Kwa hiyo kila bunduki iliyolia Karagwe mwaka 1861 ilidai, jioni yake, mtu wa kuteka maji, kuwasha moto na kukaa na mdeki. Bunduki ya Rumanyika nayo ilimdai mtu wa namna hiyo ikiwa ilipigwa. Tunalijua jina la Sidi Mubarak Bombay aliyeongoza watu wa Speke. Huyo mwenye birika, hatuna jina lake.

Sasa hapa ndipo hadithi inapogeuka. Fikiria bunduki iliyofuata. Mwishoni mwa karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalihamia kwenye baruti isiyo na moshi. Waingereza walikuwa na kodaiti kwenye .303. Wajerumani huku kwetu walichelewa: vita vilipoanza mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi, iliyomtoa mpigaji mafichoni kwa wingu lake la moshi. Waingereza walipovamia Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, kizazi cha zamani cha baruti kilikuwa bado hakijastaafu.

Baruti mpya ilionekana safi. Ukichungulia mtutu baada ya kupiga, unang'aa. Basi watu wakasema: maji ya nini tena? Tambara na mafuta vinatosha. Na mitutu ikaanza kuoza, upesi kuliko ya zamani. Wengi wakailaumu baruti yenyewe, eti inaacha asidi. Viwanda vikachangamka. Marekani ikapata Hoppe's No. 9 mwaka 1903, Ujerumani ikapata Ballistol mwaka 1904.

Mkosaji alikuwa mdogo kuliko wote: fataki. Ule unga unaolipuka kidogo nyuma ya risasi na kuiwasha baruti ulikuwa na kloreti ya potasiamu, na kloreti ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu. Ni ndugu wa damu wa chumvi ya jikoni. Zamani masizi ya baruti nyeusi yalimlazimisha mtu kuosha kwa maji, na chumvi ya fataki ikaondoka humohumo bila yeyote kuijua. Masizi yalipoondoka, watu wakaacha maji, chumvi ikabaki. Mwaka 1922 mkemia Wilbert J. Huff, wa idara ya migodi ya serikali ya Marekani, alichapisha uchunguzi uliomaliza ubishi: ni chumvi ile, na kutu huota chini ya utando wa mafuta. Huota chini yake kabisa! Yaani unaweza kuipaka bunduki mafuta kama mtoto anayepelekwa kliniki, huku ndani inaliwa.

Kloridi ya potasiamu huanza kujilowesha yenyewe unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 84. Waliolala Kaisho au Murongo wakati wa masika, wakaamka ukungu umeziba bonde la mto Kagera, wanajua kiwango hicho si cha kutafuta kwa tochi.

Baba mkubwa hakusoma Huff. Alifundishwa na bwana nyama aliyemtangulia, mzee aliyewahi kuwa askari wa KAR na kupigana Burma, ambako mvua haikumpa mtu nafasi ya kubishana. Kwa .303 Waingereza walikuwa na utaratibu huohuo wa maji yachemkayo, tambara la kuvutwa kwa kamba, na kichupa cha mafuta kinachokaa kwenye tako la bunduki. Kabla ya hapo, mwaka 1978, baba mkubwa alikuwa mmoja wa vijana walioitwa Idi Amin alipoivamia Kagera. Alibeba SAR, na anakumbuka kichupa cha bati chenye midomo miwili, mtindo wa Kirusi: chumba kimoja cha maji ya magadimagadi ya kuoshea, kingine cha mafuta ya kulindia. "Yaani hata wao walijua," huniambia. "Viwili. Na kuna cha kwanza na cha pili."

Ana elimu nyingine pia. Risasi ya .303 ilivikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, na madini hayo hujisugua kidogokidogo kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Maji hayayagusi. Mafuta hayayagusi. Hapo dawa ni amonia: tambara likitoka na rangi ya buluu, ujue shaba inayeyuka. Lakini haiachwi humo ikakauka, na haifanyiwi kazi chumba kimefungwa. Mwindaji mmoja wa kigeni aliwahi kumwachia kichupa kilichobaki robo, chenye harufu ya ndizi mbivu. Nilikuja kujua baadaye kwamba harufu ile ni ya amili asetati, na kwamba vimiminika vya jamii ya Hoppe's vina nguvu kwenye masizi na risasi laini. Yeye alikinusa, akacheka, akasema hata Wazungu wanasafishia kwa rubisi. Kisha akateleka birika kama kawaida. Kila uchafu una dawa yake. Asiyeujua uchafu atapaka tu.

Na sasa nifike kwenye barua.

Miaka ya 1980 aliugua malaria, akalazwa wiki tatu. Bunduki iliyosainiwa kwa jina lake ilitumiwa na kijana wa zamu. Kijana yule hakuwa mvivu. Kila jioni aliisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akaipaka oili, akaitundika stoo. Mvua zilikuwa zimeanza. Baba mkubwa aliporudi akachungulia mtutu kuelekea mwangani, akaona kahawia, na chini ya kahawia vishimo. Mtutu ukishaliwa vishimo hakuna kimiminika duniani kitakachourudisha.

Aliitwa kujieleza. Alieleza habari ya chumvi na maji, na mkubwa wake akamuuliza mbele ya wenzake: "Maji ndani ya chuma? Wewe ndiwe uliyeiozesha." Karatasi ya maelekezo ukutani ilikuwa ya Kiingereza, ikisema mafuta. Akakatwa mshahara miezi sita, na barua ikaandikwa: uzembe katika kutunza mali ya serikali. Barua hiyo ninayo. Ina mhuri, ina tarehe, ina kumbukumbu namba. Kwa mwanahistoria wa kesho, huo ndio ushahidi. Birika halikuacha karatasi.

Simlaumu sana yule mkubwa. Kosa lake lina mantiki. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo nikiwa darasa la nne. Lakini nikisoma Speke, Grant na Stanley siwezi tena kuwasoma kama zamani. Mlio wa bunduki umo kitabuni kwa sababu aliyeandika ndiye aliyefyatua. Usafishaji haumo kwa sababu aliyesafisha hakuulizwa. Ukilitoa tendo hilo la jioni, msafara mzima unabaki na mirija ya chuma iliyoziba kabla ya kufika Bweranyange. Mashujaa wa vitabu vile walitembea juu ya maarifa ya watu waliotumwa maji.

Mwaka jana nilimtembelea kwake Kyerwa, kwenye kahawa na migomba yake. Bunduki hana tena, aliirudisha siku aliyostaafu. Nilimshika miguu, nikakaa, nikamtafsiria habari ya Huff sentensi kwa sentensi: chumvi, unyevu, kutu chini ya mafuta. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwaka gani huo?"

"1922, baba mkubwa."

Akahesabu kimya. Barua yake iliandikwa zaidi ya miaka sitini baadaye.

"Kumbe ilikuwa imeshaandikwa," akasema. Halafu, baada ya muda: "Na kile cha kwao, cha uzembe, nani anakifuta?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwahidi tu kwamba safari hii itaandikwa kwa Kiswahili, na kwamba birika litakuwemo.