Ukuta Umepasuka: Gharama za Kesi ni za Nani?

Tuseme umemlipa fundi akujengee nyumba, na kabla ya masika ya pili ukuta umepasuka kutoka msingi hadi lenta. Fundi anasema udongo wa kiwanja chako ndio mbaya. Wewe unasema saruji ilipunjwa. Mnaelekea mahakamani. Swali la kwanza ni nani mwenye haki. La pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, ni nani atakayemlipa wakili, mtaalamu wa kukagua ukuta na ada za mahakama.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa jiweni zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zilimtaka mjenzi ambaye ukuta wake umelegea auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Hayo yalihusu gharama ya ukuta. Kanuni tunayoifuata leo kuhusu gharama ya kesi ilizaliwa Uingereza.

Mwaka 1278, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, Sheria ya Gloucester ilimruhusu mdai aliyeshinda kurudishiwa gharama zake. Tazama upungufu wake: mdaiwa aliyeshtakiwa bure na kushinda hakupata kitu. Ilibidi kungoja karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 ndipo mizani ikasawazishwa katika mashauri mengi. Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 1796, katika shauri la Arcambel na Wiseman, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa dola 1,600 za ada za mawakili zisiingizwe katika fidia. Huko, kwa kawaida, kila upande humlipa wakili wake, ashinde au ashindwe.

Kwetu, utawala wa Kiingereza ulileta kanuni ya Kiingereza, kwa sehemu kubwa kupitia sheria zilizoandikwa kwa ajili ya India. Leo kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Uganda na Kenya pia, husema kwamba gharama hufuata matokeo ya shauri, isipokuwa jaji aamue vinginevyo kwa sababu nzuri. Tanzania hali ni hiyo hiyo, katika kifungu cha 30 cha sheria yake ya mwaka 1966.

Basi, je, mshindi hurudishiwa kila senti? La. Msajili huikagua hesabu ya gharama na kuikata kwa viwango vilivyowekwa. Ulichomwahidi wakili wako zaidi ya viwango hivyo ni mzigo wako. Tena jaji anaweza kumnyima mshindi gharama kwa mwenendo wake mbaya, na aliyeikataa suluhu ya haki anaweza kujikuta ameshinda kesi na kubaki na deni.

Hapo ndipo maskini huumia. Ufa wa kutengenezwa kwa milioni sita unaweza kuzaa kesi inayozidi bei ya ufa. Kwa sababu hiyo Uganda iliweka mwaka 2011 utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambamo mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha wahusika. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya madai madogo mwaka 2016.

Kwa hiyo, ewe unayejenga, andikiana mkataba na fundi. Tunza stakabadhi na picha za kila hatua. Ufa ukitokea, mwandikie barua kabla ya kumshtaki, umpe nafasi ya kurekebisha. Barua hiyo itakusemea siku ya kugawa gharama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mahakamani, aliyeshindwa huujenga ukuta huo kisha akalipia na kesi ya mwenziwe.