Marehemu Allidina Visram na Bwana Wake

Katika mikutano ya mwaka huu hapana neno lililozungumzwa kwa kirefu kuliko kanuni ya mfuko wetu wa karo. Wako wasemao kwamba mfuko usaidie watoto wa wanachama peke yao, maana ndio waliochanga. Na wako wasemao kwamba mtoto wa Langoni ni mtoto wa Langoni, awe baba yake ana kadi au hana. Sisi tulioagizwa kuandika ukurasa wa tarikhi katika ripoti hii tumeona vema kuleta mbele ya wazee wetu waheshimiwa habari za mfanyi biashara mmoja mgeni, marehemu Allidina Visram, pamoja na za bwana wake aliyemfundisha kazi. Swali hili liliwafikia wao kabla halijatufikia sisi.

Langoni haina haja ya kufundishwa habari za wageni. Wengi katika mtaa wetu babu zao walishuka hapa na majahazi, kutoka Hadhramaut, Ngazija, visiwa vya Wabajuni na Bara Hindi. Habib Swaleh mwenyewe, aliyeasisi Riyadha, alitoka Ngazija. Allidina naye alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kachi, magharibi ya Bara Hindi, akafika pwani hii mwaka 1863, kijana wa miaka 12 asiye na mali. Baadaye akawa msaidizi wa Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo. Hawa wawili walikuwa rika moja, wote Makhoja wa Kiismailia, ila Sewa Haji alizaliwa Unguja, mtoto wa nyumba yenye duka.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kutengeneza misafara ya bara. Aliwapa wasafiri, hata Stanley, nguo, ushanga, waya na wapagazi. Na misafara iliporudi ililetea pwani pembe za ndovu. Wapagazi hao, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi mingi na mzigo begani, na hatujaona jengo lililopewa jina la hata mmoja wao. Twalitaja jambo hili kwa kuwa mali tutakayoisimulia ilipitia mabegani mwao.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikwisha kuwa na matawi yake mwenyewe katika njia ile ya misafara. Lakini alitambua mapema kuliko wengine kwamba siku za msafara zinakwisha. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na kwa ujenzi wake waliletwa kutoka Bara Hindi wafanya kazi zaidi ya 30,000. Watu hao walitaka unga, mchele, samli na nguo. Allidina akafungua maduka kuifuata reli, kambi baada ya kambi. Akahamishia makao yake Mombasa, akavuka ziwa, akafika Kampala na Jinja.

Siri ya kazi yake wazee wetu waijua kwa jina la mali kauli. Kijana aliyetoka Kachi alipewa shehena bila fedha, akatumwa mahali pasipo na duka. Akauza nguo na chumvi, akanunua kwa wenyeji ngozi, ufuta, karanga, na baadaye pamba; mazao yakateremshwa pwani na hesabu ikakatwa. Kwa njia hiyo mkulima wa mbali alipata mahali pa kuuzia, ingawa mwenye kupanga bei ya kununua na ya kuuza alikuwa ni yule yule mmoja, na malalamiko juu ya hayo hayakukosekana. Allidina akaongeza viwanda vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta na vya kupasua mbao.

Hakuwa bahili. Yeye Mwislamu alitoa mchango hata kwa kanisa kuu la Namirembe huko Kampala. Alifariki tarehe 30 Juni 1916, kwa homa iliyompata katika safari ya Kongo. Mwanawe Abdulrasul alijenga Mombasa, kando ya bahari, shule ya sekondari kwa ukumbusho wa baba yake, nayo ikafunguliwa mwaka 1923. Mwana huyo hakuishi sana, na ile biashara kubwa ikavunjika upesi baada yake. Yale maduka yamekwisha, shule ingalipo.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama wasimame kidogo. Kwa miaka mingi, mpaka siku za kuelekea uhuru wa mwaka 1963, shule ile ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Si haki kumtupia lawama zote mjenzi wake, kwa maana serikali ya kikoloni yenyewe iligawa shule kwa rangi. Lakini Sewa Haji naye aliishi chini ya serikali ya kikoloni, ya Wajerumani, na alipotoa jengo la shule huko Bagamoyo aliweka sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua kabila wala dini. Mali yake pia ndiyo iliyojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, na hata leo liko jengo la wagonjwa lenye jina hilo katika hospitali ya Muhimbili.

Bwana na msaidizi wake walichuma katika njia moja na wote wawili walitoa. Waliotofautiana ni watoto waliokuta mlango wazi. Leo shule ya Mombasa yapokea watoto wa kila kabila, lakini waliorudishwa mlangoni katika miaka ile walikwisha kuwa watu wazima.

Kanuni ya mfuko wetu, kama ilivyoandikwa na kamati, imo katika ukurasa unaofuata, nayo itasomwa katika mkutano mkuu kabla ya kura.