Mifupa ya Ezekieli na Jina la Kariakoo

Nabii Ezekieli alipoonyeshwa lile bonde la mifupa, hakuagizwa kunena mara moja. Alizungushwa kwanza pande zote, akaona ya kuwa mifupa ni mingi mno, nayo imekauka sana. Ndipo alipoulizwa kama yaweza kuishi. Wahubiri wengi huliruka jambo hili, wakaukimbilia upepo na uzima. Na wengine siku hizi huigeuza njozi hii kuwa ahadi ya biashara iliyokufa kufufuka. Sisi twaona ya kuwa kule kuzungushwa nako ni unabii.

Maana ya njozi haikufichwa. Sura ile ile ya 37 yaeleza kwamba mifupa ni nyumba yote ya Israeli. Watu walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli tangu mwaka 597 kabla ya Kristo, na miaka kumi hivi baadaye Yerusalemu ukateketezwa. Wakasema, tumaini letu limekwisha. Basi neno lile liliwaendea kwanza watu walio hai waliokata tamaa, ijapokuwa Wakristo tangu zamani wameisoma njozi hii kwa habari ya ufufuo pia, wala hatuwakatazi.

Sasa tuje kwetu. Mtu akitoka Mchafukoge, akavuka Mnazi Mmoja, huingia Kariakoo. Jina hilo si la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililogeuzwa na ndimi za wenyeji. Wajerumani walikuwa wamejenga jumba la soko mahali pale kabla ya vita vya 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, wakapafanya kambi ya wapagazi. Soko lenyewe likafunguliwa mwaka 1923, na jumba jipya mwaka 1975. Nairobi nako uko mtaa wa jina hilo hilo, nao huandikwa Kariokor.

Wapagazi walitakiwa kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe, na motokaa zilikwama matopeni. Hivyo vyakula na risasi vilichukuliwa kichwani, mwendo wa miezi, mpaka Rufiji na kusini zaidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache; wengi walikufa kwa kuhara damu, homa na njaa. Wengine waliozoea kula ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukawaumiza matumbo. Wanahistoria hukadiria ya kuwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi 95,000 au zaidi. Wale wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa uangalifu, na wengi hawakulipwa kitu. Kanisa nalo lilikuwako: Askofu Frank Weston wa Unguja mwaka 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi, akakiongoza yeye mwenyewe barani.

Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam ile sanamu ya askari mwenye bunduki, na maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wapagazi hutajwa humo kwa jumla, lakini jina la mtu hata mmoja halimo. Ilipofika mwaka 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, walio wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Katika njozi, mifupa ilisogeleana kila mfupa kwa mwenziwe. Haikutupwa pamoja katika chungu moja. Kwa hiyo twaona kazi moja iwezayo kufanywa na usharika wowote: kuuliza katika kila nyumba ni babu yupi aliyekwenda na mzigo asirudi, na kuliandika jina lake katika kitabu cha kanisa pamoja na kijiji chake. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe. Watoto wao wamekwisha kufa. Wajukuu na vitukuu wangaliko, na baadhi yao hulijua jina.