Kiko cha Umeme

Kitenzi tunacho, tena cha zamani: kuvuta. Mtu huvuta sigara, huvuta hewa, huvuta kamba, na hakuna moshi uliotajwa popote. Waingereza hawakujaliwa hivyo. Kitenzi chao cha uvutaji ni moshi wenyewe, kwa hiyo kilipokuja chombo kisichochoma tumbaku ilibidi watafute kingine, "vape". Kikavuma hadi wahariri wa kamusi za Oxford wakakitangaza kuwa neno la mwaka 2014. Vijana wetu wamekiazima, wanasema "kuvepu". Chombo kikiitwa vepu sina ugomvi, maana jina ni fupi na linatamkika. Lakini kitenzi cha nini? Mwenye vepu mdomoni anavuta.

"Sigara ya kielektroniki" ndilo jina la kwenye taarifa za habari. Hon Lik, mfamasia wa Kichina aliyekibuni chombo hiki mwaka 2003, alikuwa akitafuta mbadala wa sigara, na jina likafuata nia yake. Ila ukikishika mkononi hukuti karatasi wala tumbaku: unakuta betri, kitangi na waya. Wengine husema "shisha ya umeme", na hilo linapotosha zaidi. Shisha kwa Kiajemi ni kioo, na kisheria ni kitu kingine kabisa: Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya mwaka 2017.

Napendekeza kiko cha umeme. Wahenga wa pwani walikuwa na kiko cha maji na kila kiungo chake walikipa jina. Bori ni kibakuli cha tumbaku na kaa la moto. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori. Kiko chenyewe ni chombo cha maji, na shilamu ni mrija wa kwenda mdomoni. Hata mlio wa maji yakibubujika ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Maneno haya yamelala kamusini na kazi ipo. Pale penye joto paitwe bori, pa kutia mdomo paitwe shilamu, na mwenye duka aweze kumwambia mteja kwamba bori limekwisha, alibadilishe.

Ndani ya bori hilo kuna pamba iliyozungukwa na waya. Pamba ile ni utambi, na neno linakuja na maarifa yake. Anayeanza huambiwa adondoshee pamba matone machache, asubiri dakika kadhaa, ndipo awashe. Yeyote aliyewahi kuwasha kandili anajua kwa nini: utambi mkavu huungua, na hapa harufu ya kuungua inaingia kooni. Waya huo tusiuite msokoto, ingawa umesokotwa. Msokoto una wenyewe, nao ni wavuta bangi. "Waya wa joto" yatosha.

Sasa neno linalonikera: mvuke. Kwetu mvuke ni wa sufuria na wa nyungu. Mwaka 2020, wakati wa korona, Watanzania wengi walijifunika mashuka wakajifukiza, na tangu hapo neno limezidi kunukia dawa. Kinachotoka kwenye kiko cha umeme si mvuke wa maji. Ni matone madogo mno ya propilini glikoli na gliserini, yaliyobeba nikotini na ladha za kutengenezwa. Wanasayansi huyaita erosoli. Kiswahili kina ukungu, yaani vitone vidogo vinavyoelea hewani, na ndicho kitu hasa tunachokitaja. Anayeambiwa atavuta ukungu wa nikotini amejua anachotia mapafuni. Anayeambiwa atavuta mvuke amebembelezwa.

"Juisi" nayo ife leo. Juisi ni ya embe, ni ya pasheni, ni ya mtoto. Kichupa chenye nikotini na harufu ya embe kikiitwa juisi, mtoto atakinywa, na nikotini ikinywewa ni sumu. Kiitwe kimiminika cha nikotini. Urefu wa jina hili ni faida.

Juu ya kichupa kuna tarakimu, na hapa msamiati wa mvutaji wa kale unamponza. Kwake sigara ni kali au laini, na laini maana yake hafifu. Lakini nikotini ya chumvi hupita kooni kama maji hata ikiwa miligramu 20 kwa mililita, kipimo ambacho ndicho cha juu kabisa kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya. Ni laini, na ina nguvu. Tutenganishe basi: ukali uwe wa koo, nguvu iwe ya nikotini. Muuzaji akisema "hii laini", mnunuzi aulize nguvu yake.

Mtaani wanasema "piga pafu moja", kutoka Kiingereza, na neno limeangukia juu ya pafu letu, kiungo cha kupumulia. Vepu za kutupa huuzwa kwa kuhesabu pafu, maelfu kwa kifaa kimoja. Naliafiki neno hili bila kulirekebisha. Kila pafu lina pafu lake.

Anayeanza tumwiteje? Mwanagenzi ni neno zuri mno kwa jambo hili, linaahidi ufundi mwishoni. Limbukeni linatukana, japo asili yake ni kulimbuka, kuonja mazao ya kwanza. Kwa kweli hapa kuna watu wawili. Yupo aliyevuta sigara miaka mingi, anayekimbia moshi na lami yake. Huyo hakuanza kitu, amehama, na tumwite mhamaji. Madaktari wa Uingereza humwambia kwamba huku kuna madhara machache kuliko aliko, si kwamba hakuna. Yupo pia kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote. Huyo ndiye analimbuka, na anachokilimbuka ni uraibu, neno ambalo zamani lilikuwa la tambuu na viungo vyake vya kutafuna. Muuzaji huwapa wote wawili kiko kilekile kwa jina lilelile, "cha kuanzia". Kwa mhamaji kiandikwe "cha kuhamia". Kwa kijana sijakitafutia jina, na sikusudii kukitafutia.