Damu, Mizani na Mkutano wa Kijiji

Kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya mwaka 1939 inaliandika neno mumiani kama jina la dawa nyeusi mfano wa gundi, kisha inataja imani ya watu wengi kwamba dawa hiyo ilitengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika miaka ya ukoloni hadithi za mumiani zilienea Afrika Mashariki, na mara nyingi waliotuhumiwa walikuwa watu wa serikali, wakiwamo wenye sindano na chupa. Maofisa waliziita ushirikina. Mimi naona zilibeba hoja ya kimaadili iliyokosa mahali pa kusemewa. Chukua Mwanza, ambako mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha utafiti wa matende na mabusha. Vijidudu vya ugonjwa huo huingia kwenye damu ya juu usiku, kwa hiyo kipimo kinachoaminika kilikuwa cha usiku. Kisayansi hapakuwa na kosa. Lakini tazama kazi hiyo kwa jicho la mwanakijiji: wageni wanafika giza limeingia, wanawachoma watu vidole, wanapaka damu kwenye vioo, wanaondoka nayo, na kilichoonekana humo kinaandikwa kwa Kiingereza. Anayeuliza damu yangu imekwenda wapi na imesema nini hahitaji kuamini mazimwi ili awe na haki ya kujibiwa.

Swali hilo ndilo msingi wa maadili ya kazi ya afya katika jamii, kabla ya miongozo na viapo vyovyote. Daktari wa hospitali hufuatwa na mgonjwa. Mhudumu wa jamii huwafuata watu ambao hawakumwita, akahesabu vyoo vyao, akapima watoto wao, akaandika. Ruhusa yake haiwezi kutoka kwenye cheti peke yake. Inatoka kwenye mrejesho: anachokichukua kirudi kwa wenyewe, kwa lugha yao, mapema kiasi cha kuwasaidia kuamua.

Tanzania ilijifunza hilo kwa hatua. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadili malaria au kichocho, kisha kikatoka kufyeka majani, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Maarifa yalikuja kwa Kiswahili na yakabaki kijijini, hatua kubwa ukilinganisha na vile vioo vya damu. Mtu anaweza kupinga kwamba hiyo nayo ilikuwa amri iliyovaa vazi la majadiliano, hasa kwa kuwa Novemba mwaka huohuo kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa lazima. Pingamizi hilo lina uzito. Mada zilipangwa Dar es Salaam, na kikundi kiliweza zaidi kujadili namna ya kuchimba choo kuliko kujadili kama choo ndilo tatizo lao la kwanza. Mrejesho wa maarifa ya wengine bado si mrejesho wa hali yako mwenyewe.

Hatua ya pili, mrejesho wa hali ya watu wenyewe, ilionekana Iringa kuanzia mwaka 1983, katika mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na WHO, ulioanza na vijiji 168. Wahudumu wa afya wa vijiji walipima uzito wa watoto chini ya miaka mitano kila baada ya miezi mitatu. Jipya halikuwa mizani, kwani kliniki zilikuwa nazo zamani. Jipya lilikuwa safari ya matokeo: yalijadiliwa kwanza kijijini, katika kamati na serikali ya kijiji, ndipo yakapanda kwenda kata na wilaya. Kijiji kilijiuliza kwa nini watoto wanapungua uzito, kikakuta kwamba mama anashinda shambani na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku, kikaanzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto. Ndani ya miaka mitano utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka mno, na sidhani mizani peke yake ingefanya hivyo.

Hapa linakuja pingamizi gumu zaidi: mama ambaye mwanawe amepungua anaanikwa mbele ya majirani. Ni kweli, na mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera, ugonjwa uliofundisha kwa uchungu kwamba siri ikivuja mtu hufukuzwa nyumbani. Ila ukiliangalia vizuri, pingamizi hili linauchora mpaka wa mrejesho bila kuuvunja. Hesabu ya kijiji ni ya kijiji; jina la mtoto ni la mzazi wake. Mhudumu anayesimama mkutanoni kusema watoto wangapi wamepungua, kisha jioni akaenda kimya nyumbani kwa mmoja wao, ameheshimu vyote viwili.

Kilichoubomoa utaratibu huu ni posho. Vijiji vilitakiwa kuwalipa wahudumu wao, na katika uchumi wa miaka ya 1980 vingi vilishindwa. Miradi ikaja na fedha, baiskeli na madaftari yake, na mhudumu akajikuta anaripoti kwa anayemlipa, kama ambavyo binadamu yeyote angefanya. Kumlaumu kwa kukosa moyo wa kujitolea ni kumtwisha mtu maskini gharama ya maadili ya wote. Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000, umekubali angalau kwamba kazi hii inastahili malipo. Sasa simu inachukua nafasi ya daftari na takwimu hupanda juu upesi. Lakini mahali pa kuzirudisha kijijini papo: sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 bado inautaka mkutano wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, muda uleule wa mizani ya Iringa, na hakuna kinachozuia afya ya watoto kuwekwa kwenye ajenda yake.