Chembe za metali zisizoonekana na hatima ya viumbe wadogo wa maji baridi

MSAFIRI atokaye Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, njia panda ya kuelekea Kiomboi wilayani Iramba, kabla ya kuteremka mlima Sekenke na kuingia katika mbuga ya Wembere. Wakati wa masika maji ya makorongo mengi ya upande huo huteremka vivyo hivyo, yakipita mashambani na katika malambo hadi mbugani, na hatimaye kuelekea Ziwa Kitangiri wanakovuliwa perege na kambare.

Chochote kilichomwagwa njiani husafiri nayo.

Maji ya lambo yakichotwa katika chupa safi na kuelekezwa kwenye mwanga, mara nyingi huonekana vidoa vinavyoruka juu na chini. Hao ni viroboto wa maji, ambao wanasayansi huwaita Daphnia, pamoja na ndugu zao wadogo zaidi wa jamii ya Moina. Licha ya jina hilo, si viroboto wala hata si wadudu, bali ni wa ukoo mmoja na kamba na kaa.

Wao huchuja mwani na bakteria kutoka majini, nao huliwa na vifaranga wa samaki. Wakipungua ghafla, mwani huongezeka na kifaranga wa perege hukosa chakula chake cha kwanza. Hasara hiyo mvuvi huiona baadaye sana, asijue ilianzia wapi.

Viumbe hawa ndio waliogeuzwa kuwa mizani ya kupimia sumu ya chembe za nano, yaani vipande vya maada vyenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000.

Chembe za fedha (metali, si pesa) hutiwa katika soksi, bandeji na baadhi ya vichujio vya maji kwa sababu huua vijidudu. Oksaidi ya zinki na ya titani huwekwa katika baadhi ya losheni za kukinga jua, ambazo kwa watu wenye ualbino ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Oksaidi ya shaba hutumika katika rangi zinazozuia ukungu na mwani.

Kipimo kinachokubalika kimataifa ni chepesi. Viroboto wa maji wasiopungua 20, wenye umri wa chini ya saa 24, hugawanywa katika makundi ya watano watano na kuwekwa kwenye maji yenye kiasi fulani cha sumu. Baada ya saa 48 huhesabiwa wale walioshindwa kuogelea. Kwa kuwa jike huzaa bila dume watoto wanaofanana naye kabisa, matokeo ya maabara moja yanaweza kulinganishwa na ya nyingine.

Majaribio hayo yameonyesha kwamba metali hizi haziui kwa njia moja. Fedha na zinki huyeyuka kidogo kidogo na kutoa ioni, na mara nyingi ioni ndizo muuaji halisi. Ioni za fedha huzuia mwili wa kiumbe huyo kufyonza chumvi ya sodiamu kutoka majini. Mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji zinatosha kumwangusha.

Titani, kwa upande wake, haiyeyuki kwa urahisi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa chembe zake hujibandika kwenye gamba la Daphnia na kumzuia kujivua. Kiumbe wa jamii hii asipojivua gamba hawezi kukua. Madhara yalijitokeza waziwazi baada ya saa 96, maana yake ni kwamba jaribio la kawaida la saa 48 lingempa mtengenezaji cheti kizuri asichostahili.

Kuhusu shaba, elimu hii si ngeni barani Afrika. Tangu miaka ya 1920 nchini Misri mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulimwagwa katika mifereji ili kuua konokono waenezao kichocho. Konokono walikufa, na viumbe wengine wa majini wakaumia pamoja nao. Tofauti ya leo ni kwamba shaba inaweza kufika majini bila mtu yeyote kukusudia kumwua konokono.

Hata hivyo, maji yenyewe huamua mengi. Maji magumu na yenye tope la majani yaliyooza hupunguza makali ya ioni. Fedha inayopita katika maji taka yasiyo na oksijeni huungana na salfa na kuwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo namba iliyopatikana katika maji masafi ya maabara haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye lambo la Iramba.

Lakini kosa linaweza kuwa upande wa pili pia. Mwongozo wa kimataifa unataka jaribio lifanyike katika nyuzijoto 18 hadi 22, kwa kawaida kwa kutumia Daphnia magna, na chini ya taa za maabara. Chembe za titani zikipigwa na miale ya jua huzalisha kemikali kali zinazoongeza sumu yake. Jua la Singida halifanani na taa ya maabara ya Ulaya, na lambo lenye kina cha magoti hupata joto kupita kiwango hicho.

Tanzania si mtazamaji tu katika teknolojia hii. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe za nano. Mikoa ambayo visima vyake vina floraidi nyingi, ukiwemo Singida, ina kila sababu ya kuvihitaji vifaa vya namna hiyo. Swali linalobaki kwa chujio lolote la aina hii ni mahali pa kutupa kiini chake kinapochoka.

Katika ukanda wa Sekenke, ambako dhahabu yake ilitumiwa na Wajerumani kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki. Zebaki si chembe ya nano, ila njia yake yafaa kutazamwa: bakteria wa matopeni huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa viumbe wadogo, kisha kwa samaki, kisha kwa mlaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Kwa chembe za nano hakuna mkataba wa namna hiyo. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2013 kudai zitajwe kwenye vibandiko vya vipodozi, na mwaka 2020 ukawataka watengenezaji watoe taarifa za usalama wake. Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilifuatiwa na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007. Viwango vya aina hiyo kwa kawaida hupima uzito wa metali katika lita moja ya maji. Gramu moja ya zinki iliyosagwa hadi nano na gramu moja iliyomomonyoka kutoka bati la paa huandikwa kwa namba ileile, ingawa kiroboto wa maji huenda asizione kuwa sawa.