Bomu Likizama Ziwani, Deni Halizami

Wasee, leo twende Uswisi. Najua ukisikia Uswisi unawaza chokoleti, saa za bei ya shamba, na pesa za wakubwa fulani zimelala kwa benki. Unawaza pia nchi ambayo haina vita na mtu. Sasa shika hii: chini ya maziwa ya hiyo nchi (na simaanishi maziwa ya chai) kuna maelfu ya tani za risasi na mabomu. Hakuna adui aliyeyarusha. Ni jeshi lao wenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite profesa. Lakini historia ya vita niliyofunzwa shuleni ilikuwa nani alimpiga nani, mwaka gani, na mkataba ulisainiwa wapi. Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia mabomu yanayobaki huenda wapi. Ukianza kufuata hilo swali moja, manze, unaona historia yenye bado haijaisha.

Maziwa yenye mabomu huko ni ya aina mbili, tusiyachanganye. Kuna viziwa vidogo vya juu kabisa milimani, na kuna maziwa makubwa ya chini bondeni. Tuanze juu.

Jeshi la Uswisi limefanya mazoezi ya mizinga kwenye milima ya Alps kwa miaka mingi sana. Huko juu shabaha ni ukuta wa mwamba ama mteremko wa mawe. Sasa, si kila kombora hulipuka. Lingine linatua kwa theluji laini, fyuzi haishtuki, linalala hapo. Theluji ikiyeyuka linateleza chini. Na chini ya mteremko mara nyingi kuna kiziwa cha maji ya theluji, kizuri hadi ungekiweka kwa wolpepa ya simu. Hapo ndipo linamalizia safari. Siku hizi barafu ya Alps inazidi kupungua, na watu wakienda kutembea milimani wanakutana na vyuma ambavyo babu zao walirusha. Jeshi limewafunza raia maneno matatu tu: usiguse, weka alama, ripoti.

Kile kimezama, mtembezi hawezi kukiona. Hapo lazima mpiga mbizi wa jeshi aingie. Na hii si kazi ya kuogelea tu na kuangalia chini.

Wacha nieleze kwa soda. Soda ikiwa imefungwa, gesi imetulia ndani. Ukifungua ghafla, presha inashuka na mapovu yanatoka. Mwili wa mpiga mbizi ni hivyo hivyo. Akiwa chini ya maji, presha inasukuma naitrojeni ya hewa anayopumua iingie kwa damu na misuli. Akipanda haraka, hiyo naitrojeni inatoka kama mapovu, na povu kwa uti wa mgongo linaweza kukuacha umepooza.

Sasa ongeza mlima. Chukua ziwa la mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu urefu wa Nyahururu. Hapo presha ya hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Mtu akipiga mbizi mita 20 baharini kisha apande, presha juu yake inashuka mara tatu. Akifanya kitu hicho hicho kwa ziwa la mlimani, inashuka kama mara tatu na nusu. Yaani chupa ni ile ile, lakini umeifungua kwa fujo zaidi. Halafu maji yenyewe yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, vidole vinakufa ganzi, na ukigusa matope ya chini huoni tena hata mkono wako. Na hicho unachotafuta kinaweza kulipuka.

Si ajabu basi kwamba mmoja wa watu waliokokotoa hesabu za kupiga mbizi milimani alikuwa daktari wa Zurich, Albert Bühlmann. Alitumia miaka mingi kuchunguza mwili hutoa naitrojeni kwa kasi gani, na akatengeneza majedwali yanayojali urefu wa mahali ulipo. Kompyuta nyingi za mkononi ambazo wapiga mbizi huvaa leo zinatumia hesabu zake. Ukimwona mtalii Watamu anaruka kwa maji na ile saa kubwa, kuna uwezekano mzuri amebeba akili ya mtu aliyekuwa anawaza maziwa ya Alps.

Tushuke bondeni sasa. Huku hakuna kombora lililokosa shabaha. Huku mabomu yalitupwa makusudi.

Kati ya 1918 na 1964 jeshi la Uswisi lilitupa risasi na mabomu ya zamani kwenye maziwa yake makubwa. Ziwa Thun peke yake lilipokea zaidi ya tani 4,000. Ziwa Lucerne, zaidi ya tani 3,000. Ukijumlisha hayo mawili na kupakia kwa malori ya tani 20, unahitaji malori zaidi ya 350 yakifuatana. Mzigo mwingi uko kina cha mita 150 hadi 220, na mwingine umefunikwa na matope. Huko mpiga mbizi wa kawaida hafiki.

Utasema walikuwa wajinga. Mimi nakataa. Angalia walikuwa wametoka wapi.

Usiku wa tarehe 19 Desemba 1947, kwenye kijiji cha Mitholz, jimbo la Bern, ghala la jeshi lililochimbwa ndani ya mlima lililipuka. Ndani kulikuwa na tani kama 7,000 za risasi na mabomu. Watu tisa walikufa, nyumba zikavunjika, mwamba ukaporomoka. Sasa wewe ni afisa wa jeshi mwaka wa 1948. Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha, maghala yamejaa, na umeona ghala linaweza kufuta kijiji. Unafanya nini? Ziwa liko hapo, lina kina, lina baridi, halina nyumba ndani. Wakati huo kutupa majini kulionekana kuwa ndio usalama wenyewe, na nchi nyingi zilifanya hivyo baharini. Walichagua njia yenye ingelinda watu walio hai siku hiyo.

Shida ni kwamba watu walio hai siku hiyo ndio peke yao waliohesabiwa.

Rudi Mitholz uone. Takriban nusu ya ule mzigo haikulipuka. Ilibaki chini ya vifusi. Maisha yakaendelea, watu wakajenga upya, na jeshi likatumia hilo pango tena, hadi wanajeshi wakawa wanalala ndani. Mwaka wa 2018 serikali ikatangaza kwamba hatari ni kubwa kuliko walivyokuwa wakifikiri, na pango likafungwa. Mwaka wa 2020 wakazi wakaambiwa kwamba ili kusafisha, itabidi wahame, na wengine watakaa nje zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 2023 bunge lilipitisha faranga bilioni 2.59 kwa hiyo kazi, zaidi ya bilioni 350 za shilingi zetu. Fikiria umezaliwa 2005, umerithi nyumba ya shosho, halafu unaambiwa ufunge virago juu ya kitu kilichotokea 1947.

Na yale maziwa? Agosti 2024, idara ya ununuzi ya jeshi ilitangaza shindano: leta wazo la kutoa hayo mabomu bila kuharibu mazingira, na mawazo matatu bora yatagawana faranga 50,000, zaidi ya milioni 7 za hapa. Waliotangaza walisema wazi kwamba hawana mpango wa kutekeleza hayo mawazo mara moja. Ukivuta chuma, unavuruga matope, na matope yakichafuka oksijeni ya samaki inaathirika. Ukikiacha, kinaoza pole pole, na maziwa hayo yanatoa maji ya kunywa. Serikali inasema vipimo vya maji hadi sasa havijaonyesha tatizo kubwa. Kwa hivyo wanaendelea kupima na kungoja. Miaka zaidi ya mia tangu mzigo wa kwanza uzame, jibu bado ni kungoja.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Wengi tunaona historia kama kitu kilichofungwa, kama simu ya zamani iliyozima. Lakini kuna maamuzi ambayo hayajawahi kufika mwisho. Yamehamishiwa tu mbele, kwa mtu ambaye hakuwa amezaliwa na hangeweza kusema la. Yule kijana wa miaka ishirini na kitu anayeingia kwa maji ya barafu huko Alps leo anafanya kazi iliyoachwa na watu ambao hawezi kuwauliza chochote. Anatumia mwili wake kulipa.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu kimoja nawapa Waswisi: mwenye mzigo anajulikana. Jeshi ni lao, limekubali kwamba lilitupa, tani zinatajwa, na bunge linatoa pesa mbele ya kila mtu. Raia wa Mitholz ana mlango wa kubisha.

Linganisha na hapa nyumbani. Huku Archer's Post, Samburu, na Dol Dol, Laikipia, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi miaka mingi, kwenye ardhi ambayo wafugaji wanalisha mifugo. Vilipuzi vilibaki chini. Waliokuwa wanaviokota wengi walikuwa watoto wachungaji, na vikawalipukia mikononi. Ilibidi Wamaasai na Wasamburu waende na mawakili hadi London, na mwaka wa 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Moja ya mabishano makubwa kwenye ile kesi ilikuwa bomu ni la nani, kwa sababu majeshi mengine pia yalifanyia mazoezi pale pale. Hebu waza hiyo. Umepoteza mkono, halafu swali unaloulizwa ni kama una risiti ya bomu.

Ndio maana mimi sishtushwi sana na hesabu za tani. Kinachonishtua ni rekodi. Uswisi iliharibu maziwa yake lakini inaweza kukuonyesha ramani. Samburu mtoto alikuwa ndiye ramani: mahali alipolipukiwa ndipo watu walijua kuna bomu.

Kwa hivyo mkubwa yeyote akikuambia kitu fulani kibaya kimefukiwa, kimezamishwa, kimeshughulikiwa, iwe ni bomu, iwe ni taka za kiwanda, muulize maswali matatu. Kiko wapi hasa? Nani ameandika? Na nani atalipa siku kikirudi? Akishindwa na hata moja, jua bili imeandikwa jina lako, ni vile tu haijatumwa.

Na kama umetoka Samburu ama Laikipia na una babu, shangazi au binamu anayejua mahali vile vyuma vilikuwa vinaokotwa, kaa naye umuulize, na uandike jina la mahali, mwaka, na nani aliumia. Ukikutana na chuma chenyewe, fanya kama wale watembezi wa Alps: usiguse, weka alama, ripoti.